Vyumba vya Akina Baba

Mara ya kwanza kumwona Fundi, niliona miguu yake tu. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimetoka kwenye mashine yangu ya kusaga hapa Turwa, mjini Tarime, narudi nyumbani kuchukua spana niliyoisahau, nikapita ubavuni mwa nyumba. Kati ya ukuta wangu na ukuta wa jirani kuna upenyo. Haukuwa na kazi yoyote ule upenyo. Kuku walitagia humo, maji ya mvua yalipita humo, na miaka yote niliyokaa pale sidhani kama niliutazama hata mara mbili. Asubuhi hiyo miguu miwili ya mtu ilikuwa imetokeza, nyayo zinanitazama, na viatu vimevuliwa vikapangwa pembeni.

Nilipiga kelele. Sioni aibu kusema. Nilipiga kelele mpaka jirani yangu, mama anayeuza mitumba, akatoka na mwiko wa ugali mkononi. Mtu akilala kimya hivyo kwenye uwanja wako, unaanza kuwaza polisi na maswali yao. Miguu ikajikunja, kikatoka kizee kinyumenyume, kikavu, mvi tupu, vumbi mgongo mzima.

"Mbona unapiga kelele, mura, kijana mzima? Napima."

"Unapima nini wewe?"

"Chumba cha baba yako."

Baba yangu alikuwa hai, amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, anasikia kila neno. Nilitaka kumrushia yule mzee spana, ila nilikuwa bado sijaipata.

Kumbe mke wangu ndiye aliyemwita. Alikuwa amechoka kuona baba mkwe wake analowa.

Niseme kwanza jinsi ilivyokuwa, maana si wote wanaosoma hapa ni Wakurya. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Siyo ugomvi, siyo kiburi. Inaitwa ensoni, ni heshima na aibu kwa pamoja, inawakaa baba na mwana, inamkaa zaidi baba na mke wa mwanawe. Kijijini haisumbui mtu. Baba ana nyumba yake, mwana ana yake, katikati kuna zizi na nafasi ya kutosha kila mtu kukohoa kwa raha. Sasa mlete baba mjini, kwenye kiwanja ambacho ukifungua dirisha unagonga ukuta wa jirani, halafu uniambie atalala wapi.

Baba yangu aliletwa kutoka kijijini Itiryo na kidonda cha mguu. Ana sukari. Daktari akasema kidonda kioshwe hospitalini kila baada ya siku moja, tena kwa muda mrefu, la sivyo mguu utaondoka. Kwenda na kurudi Itiryo kila mara haiwezekani. Nikampeleka gesti. Akakaa usiku mmoja, asubuhi nikamkuta amebeba kifurushi chake mlangoni kwangu. "Watu watasema mwanangu ameniweka gesti kama dereva wa lori," akasema. Nikamwambia, tata, ingia ndani basi. Akanitazama kama nimemtukana. Akakaa kwenye kigoda, mvua ikaja, akavuta kigoda chini ya upenu, mvua ikaja na upepo, akajifunika kaniki. Siku mbili. Siku ya pili akasema anarudi Itiryo na mguu wake, Mungu atajua.

Nilikuwa nampoteza baba kwa sababu ya kizingiti cha mlango. Nilijua hivyo, na ningekuwa yeye ningefanya vilevile.

Fundi alijenga kile chumba kwa siku sita, na baba akakubali kungoja chini ya upenu. Matofali ya kuchoma upande mmoja tu, wa nyuma, maana pande mbili zilikuwa kuta zetu tayari. Jirani wa mitumba alimkubalia baada ya Fundi kumwonyesha kwamba maji yaliyokuwa yanaula msingi wake yatapata mfereji chini ya sakafu. Bati tatu. Kitanda alikijenga kwenye ukuta, kwa mbao, na chini yake akaacha mahali pa ndoo na viatu. Kidirisha kidogo kikatazama jiko letu, kimo cha mtu aliyekaa, cha kupitishia sahani. Mlango ukawekwa nyuma kabisa.

"Kwa nini nyuma?" nilimuuliza. "Mbele kuna mwanga."

"Mbele kuna mke wako."

Hapo ndipo aliponisimulia kosa lake. Chumba chake cha kwanza cha namna hiyo, miaka mingi nyuma, alikipa mlango unaotazamana na jiko la mkwe. Alikiona kizuri, kina hewa. Yule mzee aliyejengewa akaingia Jumatatu, akawa hatoki. Kila akifungua mlango mkwe yuko pale anamenya ndizi. Akisubiri mkwe aondoke, mkwe anaanza kufua. Mzee wa watu akabana haja yake mpaka mkwe aende sokoni, Jumanne hivyo hivyo, Jumatano akafunga safari akarudi kijijini bila kumuaga mtu. Fundi alisimulia huku anacheka mpaka mwiko unamdondoka, kisha akaacha kucheka ghafla. "Hakurudi tena mjini yule," akasema. "Alikuwa na presha."

Basi baada ya hapo mlango ukawa ndio kitu anachokiwaza kwanza. Alichora chini kwa kijiti njia ya baba kwenda chooni, njia ya mkwe kwenda bombani, na kama zinakutana alifuta akaanza upya. Nimemwona akifuta mara nne. Mwenye nyumba akimwambia zee hili linacheza, anajibu, "Wewe umeoa, mimi nakutunzia ndoa."

Tepu ya kupimia alikuwa nayo, imekaa mfukoni, sikuwahi kumwona akiivuta. Alilala. Huo ndio ulikuwa upimaji wake. Akifika mahali anavua viatu, analala chali, anageuka ubavu, anakaa, anasimama, ananyoosha mikono, anarudi kulala. Akiwa na kazi ya mtu aliye karibu anamlazimisha naye alale. Na watu wa Tarime kulazwa chini na fundi wakapimwa, jamani! Mama mmoja muuza chai alikimbia na birika lake. Fundi alimfuata mpaka njia panda akimwita, "Mama, siyo sanduku la maiti! Ni mahali pa kuuzia chai!" Watu walicheka wiki nzima. Lakini alimjengea, chini ya ngazi za nje za jengo la ghorofa, pale ambapo walevi walikuwa wanajisaidia. Meza ya kukunja, rafu ya vikombe, kiti chenye upana wa yule mama hasa na siyo wa mtu mwingine. Nenda leo ukanywe chai, utamkuta amekaa humo hamna hata kiganja cha nafasi iliyopotea.

Ukitembea naye mjini ilikuwa taabu. Wewe unatazama maduka, yeye anatazama kati ya maduka. "Mji una mifuko," alikuwa anasema, "na watu hawaingizi mikono." Nilimcheka, lakini baada ya hapo sikuweza tena kupita mtaani kwa amani. Niliona kila kipembe. Nje ya uzio wa hospitali, baina ya nguzo ya umeme na mtaro, palikuwa na kipande cha ardhi cha pembe tatu kilichoota majani. Fundi akaweka benchi na bati juu, kazi ya siku moja. Kesho yake nilipita nikahesabu akina mama saba wamebanana pale na vyakula vya wagonjwa, mvua inanyesha pande zote. Wale akina mama miaka yote walikuwa wanasimama wapi? Nilikuwa napita hapo kila wiki na sikuwahi kuwaona wakilowa.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja siku moja kumzuia, na daftari lake. Fundi hakubisha. Akamwuliza, "Mwenyekiti, shikamoo kwa ukubwa wako, niambie tu, hapa tuliposimama panaitwaje?" Mwenyekiti akatazama kulia, akatazama kushoto. Akasema hapa ni nyuma ya pale. "Basi," akasema Fundi, "pakipata jina njoo unifukuze." Mwezi haukuisha mwenyekiti mwenyewe akaja kumwulizia, ana mama yake mgonjwa.

Nisimpambe sana. Alikuwa na mdomo mchafu. Alihubiri heshima asubuhi, na jioni akamwita mteja wake punda mbele ya watoto wake. Alisali kanisani Jumapili na alikuwa akiimba kwa sauti kubwa beti ambazo wenzake wote hawazijui. Tajiri mmoja wa ng'ombe alimfuata, ana uwanja mkubwa pembeni ya mji, anataka na yeye chumba cha baba kama wenzake, kidogo, kule karibu na geti. Fundi akalala chini pale uwanjani, akageuka huku na huku, akainuka akijipangusa. "Hapa sijengi. Wewe una uwanja wa mpira. Mjengee baba yako nyumba, usimjengee kibanda cha mlinzi." Akaondoka. Nilikuwepo, nilikuwa nimempeleka kwa pikipiki yangu, nikashtuka hadi nikasahau kuwasha pikipiki. Kazi hiyo ingemlisha miezi miwili.

Na ensoni aliishika kuliko mtu yeyote niliyemjua. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, amejenga Mugumu. Kila baada ya mavuno Fundi alikwenda kumsalimia, na alilala kwenye chumba alichojijengea mwenyewe baina ya tenki la maji na ukuta wa nyumba. Mjukuu alipozaliwa alipitishiwa dirishani. Alinionyesha kwa mikono jinsi alivyompokea, kichwa kwanza, halafu miguu, na jinsi alivyomrudisha. "Sijavuka pale mlangoni hata unyayo mmoja," akasema, na alijivuna kweli. Nami nilimheshimu kwa hilo. Nilimsimulia baba, baba akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema huyo ni mtu.

Wao wawili wakawa marafiki. Fundi alikuja karibu kila siku kukaa na baba nyuma kule, mlangoni, wakila mahindi ya kuchoma na kuwasema watu. Ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali, maana mimi nilikuwa nimefungwa na mashine, na mara moja walikwenda pamoja msibani Nyamwaga wakakaa siku nne. Mimi sikuingia mle chumbani. Mwana aliyeoa haendi kutazama kitanda cha baba yake. Binti yangu Boke ndiye aliyekuwa akiingia na kutoka, maana mjukuu na babu hawana ensoni, wanataniana tu, anamwita mume wangu. Mimi nilisalimia kupitia kidirisha asubuhi na jioni. Shikamoo tata, mguu unaendeleaje? Mguu upo, anasema. Na ulikuwa unapona kweli, Fundi aliniambia. Nilikuwa nalala kwa furaha. Niliwaambia watu mashineni, baba yangu analala tofali moja tu kutoka nilipo.

Kisha, baba ameshamaliza kwenda kuoshwa kidonda, Fundi akaenda Mugumu kusalimia, na hakurudi. Mwaka ukapita, na mwingine. Simu yake haikupatikana. Tulisema labda amezeeka, amepumzika.

Mwaka huu nilikwenda Mugumu kufuata mahindi. Nikasema siondoki bila kumwona. Nikaulizia, nikaonyeshwa nyumba, nikaliona tenki, na kati ya tenki na ukuta nikaona kile chumba. Kimejaa magunia ya mkaa. Nikajua amekufa.

Nikabisha hodi mlangoni. Sauti ikatoka ndani, "Ingia, mura, sina mkono!"

Ilikuwa sauti yake. Nilisimama pale kizingitini nikadhani nimekosea nyumba, au yeye amekosea nyumba. Nikaingia. Sebuleni hakuna mtu. Sauti ikaita tena, huku, huku. Nikasukuma mlango wa chumba.

Mungu wangu. Mwanaume mwenye ndevu alikuwa ameketi kitandani bila shati, miguu imelala mbele yake haina uhai, na Fundi amepiga magoti nyuma yake juu ya kitanda, sabuni mpaka kwenye viwiko, anamwosha mgongo. Kitanda cha mwanawe. Chumba cha mwanawe na mkwewe, na kanga za mkwe zimetundikwa pale pale juu ya kichwa chake. Niligeuka nikatazama ukuta. Sikukusudia, mwili uligeuka wenyewe.

"Usitazame ukuta," akasema Fundi. "Shika beseni, linamwagika."

Nikashika beseni. Nilikuwa nalishika huku natazama pembeni, maji yakawa yanamwagika zaidi. Yule mwanawe akanisalimia vizuri kabisa, akaniambia karibu, kama vile hakuna kitu. Alianguka na pikipiki, wakaniambia. Mgongo. Mkewe anauza ndizi sokoni ndiyo wanakula, kwa hiyo mchana kutwa baba ndiye anamhudumia. Anamwosha, anamgeuza, anamlisha, anampeleka haja.

Tulipotoka kukaa sebuleni, kwenye makochi, mimi ukingoni na yeye ameegemea, nikashindwa kuvumilia. "Fundi, umeingia."

"Nimeingia."

"Na ensoni?"

"Ipo. Siku tatu nilikaa nayo kule kwenye tenki, mkwe amekwenda kutafuta dawa, namsikia mwanangu ananiita. Ukuta ule niliujenga mimi, najua unapitisha nini. Anasema baba, maji. Nikampitishia maji dirishani, hawezi kuyafikia. Siku ya nne nikaingia." Alifuta sabuni iliyobaki kwenye sikio. "Wazee walitaka mbuzi. Nikawapa, wakamla. Wengine mpaka leo hawanisalimii."

Nikamwuliza kama anajuta kwa vyumba vyote vile alivyojenga, na sauti yangu ilikuwa ya hasira, sijui hasira ya nini. Akashangaa. "Nijute? Baba yako angerudi Itiryo akafa. Chumba ni cha kumleta karibu. Akishafika karibu, mengine ni yako wewe, mimi siyo fundi wa hayo." Kisha akaniuliza, kwa kawaida tu, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Na vile vidole, ameacha kusema vinamwasha?"

"Vidole gani?"

Nilimwona akihesabu kichwani.

"Vidole gani, Fundi?"

"Hakukuambia." Akajipiga paja. "Nilidhani nikiondoka atakuambia. Mura, ule msiba wa Nyamwaga niliosema nakwenda naye, hapakuwa na msiba. Tulikuwa hospitali siku nne. Walimkata vidole viwili vya mguu. Mimi ndiye niliyesimama pale. Alisema mwanangu asijue, ataona aibu kuniuliza na mimi nitaona aibu kujibu."

Sikumbuki nilivyoaga. Nakumbuka nilisahau habari ya mahindi, ikabidi wanipigie simu njiani. Njia nzima nilikuwa napiga hesabu. Miaka mitatu. Zile soksi nene za shule anazovaa mpaka wakati wa jua. Kule kuchechemea nilikosema ni uzee. Kila asubuhi nimeuliza mguu unaendeleaje na nikajibiwa mguu upo, nami nikaenda zangu kusaga unga wa watu.

Nilifika mchana. Boke alikuwa uwanjani anaruka kamba. Nikamwuliza, babu ana vidole vingapi? Akaacha kuruka. Ana miaka tisa sasa. "Babu alisema nikisema hatanioa tena," akasema, na machozi yakamjaa.

Nikazunguka nyuma. Mlango wa baba ulikuwa wazi, amekaa kwenye kitanda cha ukutani, anasuka kamba. Nikasimama nje ninapopaswa kusimama.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Mahindi umepata?"

"Tata, naomba uvue soksi."

Kamba ikasimama mikononi mwake. Mahali fulani kwa jirani redio ilikuwa inatangaza bei ya ng'ombe mnadani.

"Yule mzee ana mdomo," akasema mwishowe. Nikangoja anifukuze. Nilikuwa tayari kufukuzwa. Akasogea kidogo kuelekea ukutani, akapapasa ubao pembeni yake. "Basi usisimame huko nje. Watu wanapita."

Nikavua viatu, nikaingia. Hapakuwa na mahali pa kukaa isipokuwa karibu naye kabisa, goti kwa goti. Alikuwa ananuka sabuni na tumbaku. Akainama aifikie soksi, akashindwa, mgongo ulikataa. Nikapiga magoti nikamvua mimi, pole pole, na mguu wake ukanilalia mkononi, mwepesi kuliko nilivyotegemea.

Vitatu. Nikavihesabu tena kwa kidole, nikavigusa kimoja kimoja, machozi yananidondoka juu yake na siwezi kuyazuia.

"Hata ukihesabu mpaka jioni," baba akasema, "havitaongezeka."